Hafi Mpaka Baraza Liseme

Katika nchi moja ambayo ramani yake bado ipo ofisini ikisubiri kugongwa muhuri, palikuwa na ng'ombe aliyekuwa mkubwa kuliko mawaziri wote. Aliitwa Dume la Taifa. Alikuwa mweupe mwili mzima isipokuwa sikio la kushoto, ambalo lilikuwa jeusi tititi. Alikaa kwenye zizi la vigae mkabala na Mahakama Kuu, akilindwa na geti, kiyoyozi na Koplo Chilongani.

Kazi yake ilikuwa moja. Mtu akiteuliwa kuwa waziri, alisimama mbele ya Dume, akaweka mkono wa kulia juu ya nundu, akasoma kiapo, na Dume akampumulia usoni. Bila pumzi hiyo kiapo hakikuwa kiapo na waziri hakuwa waziri. Katiba ilisema hivyo ukurasa wa kwanza, kabla hata ya kuwataja wananchi.

Jumatatu moja zizi likatimiza miaka arobaini, na pakafanyika hafla. Viongozi waliona si heshima mgeni rasmi ale pilau halafu Dume ale majani. Wakampelekea sahani. Lakini wapiga picha walikuwepo, na kila kiongozi alitaka aonekane akimlisha kwa mkono wake, na viongozi walikuwa sitini na wawili.

Jumanne asubuhi Koplo Chilongani alimwita Daktari Malingumu, daktari wa mifugo wa wilaya ile. Malingumu alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mikono mirefu na maneno mafupi. Alimkuta Dume amelala ubavu, tumbo limewamba kama ngoma, miguu inatazama mahakamani. Akamsikiliza moyo, akamfunua kope, akasimama na kujifuta mikono.

"Amekufa," alisema.

"Amekufa kabisa?" Koplo aliuliza.

"Kuna namna nyingine?"

"Hapa kwetu zipo nyingi, Daktari. Ungeandika kwamba amepumzika."

"Akipumzika hivi wiki moja, mtaa mzima utahama."

Malingumu akafungua kitabu cha zizi, akaandika, "Amekufa. Pilau. Azikwe leo." Akaweka sahihi na kwenda zake kuchanja kuku. Hakujua kwamba ameandika maneno manne yaliyokosa kibali.

* * *

Barua ilimfikia Alhamisi. Ilitoka Baraza la Maadili ya Matabibu wa Mifugo, ambalo mwenyekiti wake alikuwa Profesa Kipengele. Profesa alikuwa mtaalamu wa mifugo ambaye hajamgusa mnyama kwa miaka ishirini na sita, na alilisema jambo hilo kama mtu anayetaja nishani.

Barua ilisema Malingumu ametenda makosa mawili. La kwanza, kumpima mgonjwa wa ngazi ya juu kuliko ngazi ya mpimaji. La pili, kutangaza kifo ambacho Baraza lilikuwa halijakiidhinisha. Chini kabisa ilisema amefutwa katika daftari la madaktari kuanzia jana yake, saa nne.

Wakaja vijana wawili wa Baraza nyumbani kwake kuchukua leseni iliyokuwa ikining'inia ukutani. Waliichukua pamoja na msumari.

"Msumari ni wangu," Malingumu alisema.

"Ulitumika kitaalamu," mmoja akajibu, akauandika kwenye fomu.

Tangu siku hiyo alikatazwa kumgusa mnyama yeyote kwa nia ya kitaalamu. Akithubutu, miaka mitatu jela. Mkewe, Mama Sesi, alikuwa na mbuzi aliyeanza kukohoa. Malingumu aliketi kibarazani akimtazama mbuzi yule kwa nia ya kawaida. Alijua anaumwa nini na dawa ipo kabatini. Mbuzi akafa Jumapili.

Haikuishia kwa mbuzi. Watu waliendelea kuja getini kwake kama walivyozoea, huyu na punda anayechechemea, yule na ng'ombe aliyevimba kiwele, mwanamke mmoja na bata kwenye kapu. Wilaya nzima haikuwa na daktari mwingine. Alisimama ndani ya geti mikono amefungia nyuma, akawaambia warudi nyumbani. Mwenye bata alimwuliza, "Sasa hiyo mikono unaifanyia nini, Daktari?" Alikuwa mtu wa kazi moja, na alikuwa ameisomea kwa shida.

"Nenda mahakamani," Mama Sesi alimwambia. "La sivyo utakaa hapo ukiwatazama na kuku wakifa."

* * *

Jaji Tunsume wa Mahakama Kuu alisifika nchi nzima kwa sentensi moja. Aliisema kila asubuhi kabla ya kuketi, na wengine wanasema aliisema hata akiwa sokoni anachagua nyanya: "Mahakama haitazami kama uamuzi ni wa kweli. Inatazama kama utaratibu ulifuatwa."

Malingumu alisimama mbele yake bila wakili. Dirisha lilikuwa wazi, na kutoka ng'ambo ya barabara harufu ya Dume ilikuwa imeingia na kuketi safu ya mbele.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "ng'ombe amekufa. Ukivuta hewa tu utakubaliana nami."

"Mahakama haivuti hewa kwa ajili ya ushahidi," Jaji alisema, kitambaa kikiwa puani. "Niambie, kabla ya kufutwa ulisikilizwa?"

"Hata kuitwa sikuitwa."

Profesa Kipengele aliinuka. "Mheshimiwa Jaji, kifo ni mchakato shirikishi. Mnyama wa kawaida anakufa anavyotaka. Mnyama wa taifa hafi mpaka wadau waketi. Huyu bwana aliwaruka wadau."

"Je, mlimsikiliza?"

"Tulimwelewa bila kumsikiliza."

Jaji akatengua uamuzi wa Baraza, kwa sababu mtu hahukumiwi bila kusikilizwa. Malingumu akageuka kumtazama mkewe, uso umemchangamka. Kisha Jaji akamalizia: shauri lirudishwe kwenye Baraza lilelile, chini ya mwenyekiti yuleyule, likasikilizwe upya. Leseni ibaki huko mpaka watakapomaliza.

"Kwa hiyo nimeshinda?" Malingumu alimwuliza karani.

"Umeshinda sana," karani alisema. "Nenda ukashtakiwe."

* * *

Wakati huo nchi ilikuwa inaendelea na shughuli zake. Mawaziri wapya saba walikuwa wakisubiri kuapa, na Dume, kwa kuwa hakuwa amekufa, aliwaapisha. Walimsimamisha kwa mirunda minne, wakamfunika ubavu kwa bendera, na Koplo Chilongani akajificha nyuma ya kichwa na pampu ya baiskeli. Kila waziri alipomaliza kiapo, Koplo alipampu mara mbili na pumzi ikatoka puani. Wawili walizimia. Magazeti yakaandika kwamba walizidiwa na uzito wa madaraka.

Wa mwisho kuapa alikuwa Profesa Kipengele mwenyewe, ambaye kwa uimara wake katika suala la Dume aliteuliwa kuwa Waziri wa Mifugo. Alipoondoa mkono kwenye nundu, manyoya yalikuja na mkono. Akayatia mfukoni na kutabasamu. Uenyekiti wa Baraza hakuuacha, maana hakuona ni nani angemwachia.

Baraza likamsikiliza Malingumu siku ya pili yake. Walimsikiliza kwelikweli. Waliita daktari wa masikio, akayachungulia masikio ya wajumbe wote mmoja mmoja na kuthibitisha kwa maandishi kwamba yanafanya kazi. Malingumu akapewa dakika tisa. Akasema pilau, gesi, moyo, kope. Nyuma yake mpiga chapa alikuwa anachapa hukumu, na mara mbili alimwomba apunguze sauti kwa kuwa anamchanganya.

"Baraza limekusikia," Profesa alisema dakika ya tisa ilipotimia. "Umefutwa."

"Mmenisikia nimesema nini?"

"Hilo ni swali jingine. Utaratibu unasema tukusikie."

Akarudi mahakamani. Jaji Tunsume alisoma mwenendo wa kikao kwa makini, akaona masikio yapo na dakika zipo. Halafu akauliza jambo dogo. "Mlisema Dume yu hai. Mlimwona?"

Profesa akakohoa. "Kwa macho ya uongozi, ndiyo."

"Uamuzi bila kielelezo si uamuzi," Jaji alisema. "Baraza litaketi hapahapa mahakamani Jumatatu, mbele yangu, ili nione utaratibu ukifuatwa. Dume aletwe ndani. Asipoletwa akiwa mzima, bwana huyu arudishiwe leseni. Akiletwa mzima, bwana huyu atakuwa amesema uongo kuhusu mgonjwa wake, naye hatashika mnyama tena maisha yake yote. Msinirudie hapa."

Njiani kurudi nyumbani Mama Sesi alikuwa akiimba. Malingumu alitembea akitazama chini.

"Una nini wewe? Dume amekufa, hawawezi kumleta."

"Hawa?" alisema. "Mama Sesi, hawa wameapishwa na pampu."

* * *

Mwishoni mwa wiki Profesa alimwita Koplo Chilongani ofisini, akampa maagizo kwa maandishi. Atafute ng'ombe mweupe, mkubwa, mwenye nundu, apakwe dawa nyeusi ya viatu kwenye sikio la kushoto, na Jumatatu saa tatu aingie mahakamani. Dume wa awali, aliyekuwa na siku ishirini na sita za kutokufa, akaviringishwa turubai na kuwekwa nyuma ya stoo. Kwenye daftari iliandikwa kwamba yuko likizo ya matibabu.

Koplo alitii. Ng'ombe mweupe mkubwa mwenye nundu alipatikana kwa shemeji yake. Jumapili jioni akampeleka Profesa akamkague.

"Safi," alisema Profesa, akiwa amesimama hatua kumi kutoka kwa mnyama. "Ana mwili."

"Mheshimiwa, kuna jambo. Huyu ni jike."

Profesa akachukua karatasi ya maagizo, akaisoma juu mpaka chini. "Maagizo yalitaja jinsia?"

"Hapana, Mheshimiwa. Lakini..."

"Basi hakuna tatizo la jinsia. Koplo, usiwe mtu wa kuongeza mambo kwenye maagizo."

"Tena huyu jike ana..."

"Koplo."

Koplo akapiga saluti.

* * *

Jumatatu mahakama ilijaa mpaka madirishani. Wajumbe wa Baraza waliketi kwenye viti vya mawakili, Jaji juu yao, na katikati ya ukumbi, juu ya zulia jekundu, akaingizwa Dume la Taifa, mzima, akicheua. Watu wakainuka na kuimba wimbo wa taifa. Malingumu naye alisimama. Aliona leseni yake imeingia mlangoni kwa miguu minne, na haikuwa upande wake.

"Huyu hapa marehemu," Profesa alisema, na ukumbi ukacheka. "Kama amekufa, basi na sisi tuombe kifo cha aina hiyo. Daktari, au niseme Bwana, maana udaktari umebaki kidogo: una la kusema?"

Malingumu alimtazama ng'ombe yule, kwanza sikio, halafu nyuma.

"Ninalo," alisema. "Wekeni majani makavu hapo chini."

"Ya nini?"

"Huyu anazaa."

"Mheshimiwa Jaji," Profesa alisema, "huyu hana leseni. Haruhusiwi kutoa maoni ya kitaalamu. Naomba neno 'anazaa' lifutwe kwenye kumbukumbu."

"Lifutwe," Jaji alisema.

Likafutwa. Ng'ombe hakuarifiwa. Akainua mkia, akajizungusha mara mbili, akalala juu ya zulia na kuanza kusukuma. Chupa ikapasuka, na maji yakafika kwenye viatu vya mjumbe wa tatu. Baraza likaketi wima likitazama mbele, kama watu waliosikia jambo lisilofaa mezani. Katibu alimnong'oneza mwenzake kwamba Dume ana presha.

Dakika zikapita. Kwato moja ndogo ilitokeza, ikaishia hapo. Ng'ombe alikuwa anasukuma na kulia sauti nene, macho yamemtoka, na kila aliposukuma kwato haikuongezeka hata inchi. Watu wakaacha kucheka.

"Mguu mmoja umekunjika ndani," Malingumu alisema, bila kumwambia mtu yeyote. Mikono yake ilikuwa bado nyuma. "Atakufa huyu, na ndama naye."

"Profesa," Jaji aliita, "wewe ni tabibu wa mifugo. Una leseni."

Profesa akatazama kwato ile. Akatazama suti yake. "Mheshimiwa Jaji, mimi niko zaidi upande wa sera."

"Mjumbe mwingine?"

Wajumbe walikuwa wanasoma makabrasha.

Malingumu akamgeukia Jaji. "Mheshimiwa, nikimgusa nafungwa miaka mitatu. Nisipomgusa anakufa. Mahakama inasemaje?"

Jaji Tunsume alifungua kinywa, na wote walijua sentensi itakayotoka. Haikutoka. Aliutazama mguu ule mdogo, akafunga jalada lake.

"Mahakama inageukia dirishani kwa dakika kumi," alisema, "kuangalia hali ya hewa." Na akageuza kiti.

Malingumu alikuwa ameshavua koti. Alinawa kwa maji ya kunywa ya Baraza na kipande cha sabuni kutoka chooni, akapiga goti juu ya zulia, akaingiza mkono mpaka begani. Alifumba macho, maana kazi ile haifanywi kwa macho. Akamsukuma ndama nyuma taratibu, akautafuta mguu, akaukunjua huku akiifunika kwato kwa kiganja isimchane mama. Alikuwa anamsemesha, "Subiri, mama. Subiri kidogo. Haya, sasa." Koplo Chilongani akaja bila kuitwa, akavuta naye.

Ndama akatoka, akaanguka kwenye zulia, akatikisa kichwa. Alikuwa mweupe mwili mzima isipokuwa sikio la kushoto, jeusi tititi. Weusi wa sikio la mama yake wakati huo ulikuwa umeshafutika na kuhamia kwenye zulia.

Malingumu akamtazama Koplo. Koplo akatazama chini.

"Mwaka jana," alinong'ona, "nilikuwa namtoa Dume jioni, anyooshe miguu. Anafika mpaka kwa shemeji. Naye ni ng'ombe, Daktari."

* * *

Profesa akainuka. "Kosa jipya," alisema. "Amemzalisha mnyama bila leseni, mbele ya macho yetu. Naomba afungwe leo."

Jaji akageuza kiti. "Vizuri. Utaratibu unataka shtaka liwe kwa maandishi, na limtaje mnyama. Andika."

Profesa akachukua kalamu. Akaandika, "Kwamba alimzalisha Dume la Taifa," akasimama, akakata. Akaandika, "Kwamba alimzalisha ng'ombe jike ambaye si Dume la Taifa," jasho likamtoka, akakata zaidi. Akaandika, "Kwamba alizalisha," akaacha hapo, akauliza kama mahakama inakubali shtaka lisilo na mnyama.

"Haikubali," Jaji alisema.

Profesa akaomba kupiga simu. Alizungumza nje muda mrefu, akirudiarudia "ndiyo mkuu," na aliporudi alikuwa na tabasamu jipya. Serikali ilikuwa imepata njia. Saa saba redio ikatangaza kwamba Dume la Taifa amepata mrithi, na kwamba familia nzima ina afya. Haikufafanua zaidi, ikapiga ngoma za furaha.

Sasa mrithi wa taifa hawezi kuzalishwa na mtu aliyefutwa. Ingekuwa aibu. Basi kabla ya saa tisa Profesa Kipengele, kwa mkono wake mwenyewe, alimrudishia Malingumu leseni, yenye tarehe ya jana yake, pamoja na msumari.

"Ila kuna fomu," alisema. "Cheti cha kuzaliwa. Lazima kijazwe na daktari aliyezalisha. Jaza mistari yote, wino wa buluu, nakala tatu."

"Nijaze ninachokijua?"

"Jaza. Sisi tutakagua kama imejaa."

Malingumu akaketi na kujaza kama alivyojaza fomu zote maishani mwake. Mama: ng'ombe jike, mali ya shemeji wa Koplo Chilongani. Baba: Dume la Taifa. Hali ya baba: amekufa Jumanne, siku ishirini na saba zilizopita, pilau. Sahihi.

Karani wa Baraza akapitisha kidole kila mstari. Hakuna ulio wazi. Wino wa buluu. Nakala tatu. Akagonga muhuri mara tatu, na Ijumaa cheti kikachapishwa katika Gazeti la Serikali, ukurasa wa kwanza, chini ya picha ya ndama.

* * *

Jumamosi Profesa Kipengele alifika kwa Malingumu kwa miguu. Gari lilikuwa limeondoka asubuhi pamoja na dereva, maana mtu mmoja huko juu alikuwa amesoma gazeti na kuhesabu siku. Mawaziri saba walikuwa wameapishwa na mfu, hivyo hawakuwa mawaziri, na wa saba alikuwa amesimama getini akipangusa vumbi.

Malingumu alikuwa ameinama juu ya punda, ameshika kwato.

"Daktari," Profesa alisema, "lile neno kwenye cheti. Ungelibadilisha likawa 'amepumzika'."

"Limeshagongwa muhuri."

"Lakini unajua lina madhara gani?"

"Nilijua lina ukweli gani. Madhara sikuulizwa. Nenda mahakamani."

"Mahakamani nimetoka sasa hivi." Profesa akaketi juu ya jiwe bila kukaribishwa. "Jaji kaniuliza kama fomu ilijazwa na mtu mwenye leseni. Nikasema ndiyo. Akauliza leseni ilitolewa na nani. Nikasema na mimi. Akauliza nakala ngapi."

"Ukasemaje?"

"Tatu."

Malingumu akauachia mguu wa punda, akanyoosha mgongo. "Basi umesikilizwa," alisema, na kumwonyesha geti.